Kinoo cha Mfukoni

Tarehe 3 Februari

Kwa baba yangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii imekukuta mzima, gurudumu lako la kunolea linazunguka, na kikohozi chako cha asubuhi kinakuacha upumue. Fundi viatu naye hajambo? Nadhani bado mnagombania kivuli cha baraza moja. Mimi sijambo. Nimekonda kidogo, lakini hata nilipokuwa hapo uliniita ufito, kwa hiyo hujakosa kitu.

Najua utashangaa. Ni miaka sita tangu niondoke, na miaka yote hiyo salamu zangu umezipata kwa midomo ya watu tu. Siandiki kukuomba kitu. Naandika kuuliza, na kuuliza si ujinga, hasa ukimuuliza mwenye kazi yake.

Niko na kikosi cha kubebesha miti. Tunahama shamba hadi shamba na mahema yetu. Kazi yenyewe ni hii: unakata kikonyo kutoka kwenye mti unaozaa vizuri, unakichonga ncha kama kabari, unapasua kichwa cha mche wa mti mkorofi, unakipachika humo, kisha unafunga kwa utepe wa nailoni. Kidonda kwa kidonda, vinashikana. Mkato ukiwa laini, baada ya wiki tatu kikonyo kinachipua. Ukiwa umechanika, kinakauka, na aliyekata anajulikana, maana kila mche una kibandiko chenye namba yake.

Vyangu vinakauka, baba. Katika kila mia vinashika sitini na kidogo. Wenzangu wanafika tisini. Msimamizi wetu ni mwanamke mpole, hapandishi sauti, na ameniambia kwa upole huo huo kwamba asiyefika themanini mpaka msimu uishe mwezi wa nane hataitwa tena. Sina kazi nyingine, na hii naipenda.

Tatizo ni makali. Saa moja asubuhi kisu kinanyoa; kufika saa nne kinatafuna. Huku hakuna umeme, hakuna meza, hakuna hata kisiki cha kukalia. Cha kunolea lazima kikae mfukoni. Duka la njia panda lina kile cha plastiki chenye mfereji, unavuta kisu mara tatu basi, muuzaji anakisifia utadhani amekizaa. Lina fimbo ya chuma inayofungwa kama kalamu, lina bamba jembamba lililopakwa unga wa almasi, na lina kinoo cha kawaida, kidogo kama kipande cha sabuni, upande mmoja wa kukwaruza na mwingine laini. Nichukue kipi?

Simu haishiki huku, na nakumbuka simu nawe hamkupatana. Barua zinakuja na lori la miche kila baada ya wiki mbili.

Kidole changu kiko salama. Kinauma tu kukiwa na baridi.

Wako,
Binti yako


Tarehe 21 Februari

Kwa binti yangu,

Marahaba. Barua imefika, imekunjwa vizuri. Mimi ni mzima. Kikohozi kipo, tumeshazoeana. Simu siitaki kwa sababu gurudumu limekula masikio yangu. Mtu akinipigia naona anaguna tu. Fundi viatu hajambo na anakusalimu. Baraza ni langu.

Tuje kwenye kazi.

Kile cha plastiki chenye mfereji mwachie muuzaji, ni mwanawe. Kinanoa pande mbili kwa mpigo mmoja, na kisu cha kubebeshea kina mteremko upande mmoja tu, upande wa pili ni bapa tupu. Bapa ndilo linalolala juu ya mti na kuacha mkato ulionyooka. Ukikipitisha kwenye mfereji umekiua, na hakuna matanga.

Fimbo ni ya mchinjaji. Haileti makali, inanyoosha yaliyopo. Bamba la almasi ni kitu kizuri, sikatai, lakini linauma haraka, na kisu chembamba mkononi mwa mtu mwenye hasira litakimaliza msimu mmoja. Wewe hasira unazo, usibishe.

Chukua kinoo kidogo. Lakini usikichukue kwa macho. Kilaze juu ya kioo cha sanduku la dukani, ukibonyeze kona moja baada ya nyingine. Kikicheza, si sawa, rudisha. Kidondoshee tone la maji. Likinywewa papo hapo, jiwe ni laini mno, litajaa mashimo kabla ya mvua. Likikaa kidogo ndipo linywewe, lipa. Na usitumie mafuta hata ukishauriwa na nani. Mafuta yatabaki kwenye kisu, yaingie kwenye kidonda cha mti, na mti hausahau. Maji yanatosha, hata mate yanatosha.

Kwa kuwa huna meza, jiwe likae kwenye kiganja cha kushoto, kisu mkono wa kulia. Sukuma mbele kama unayetaka kuchana ganda jembamba la jiwe. Upande wa mteremko tu, mpaka usikie kwa kidole gumba kale kanyuzi ka chuma kamejikunja upande wa bapa. Hapo geuza, laza bapa lote, pitisha mara moja kukaondoa. Mara moja, si tatu.

Ila kama kisu kina mapengo, kinoo cha mfukoni hakitakusaidia, utakesha. Nitumie kwa dereva wa lori nikitengeneze kwenye gurudumu, kisha wewe uwe unakitunza tu. Mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama.

Baba yako


Tarehe 8 Machi

Kwa baba yangu,

Shikamoo, na ahsante. Nimeisoma barua yako mara nne. Mara ya kwanza nilicheka pale pa muuzaji na mwanawe, mara ya nne nilikuwa nahesabu ni mara ngapi umeuliza hali yangu. Sikupata kitu cha kuhesabu. Hata hivyo mimi ni mzima, mvua za huku hazijaanza, na nimepata godoro.

Dukani nilifanya kama ulivyosema. Nilimsumbua yule bwana na kioo chake mpaka akaniuliza nani kanituma. Nikamwambia ni fundi anayeitwa Cheche, akasema hamjui. Nikasema bahati yako.

Vinoo vyote vitatu vilicheza juu ya kioo. Ameahidi kuleta vingine. Kwa sasa nakutumia kisu na dereva, kina mapengo mawili karibu na ncha. Ni kisu cha kukunja, mpini wa mti, nimekuwa nacho mwaka wa tatu. Tafadhali kinoe kama kilivyo. Nitatumia cha kuazima mpaka kirudi.

Umepata mtu wa kukusaidia kubeba gurudumu jioni, au bado unalibeba mwenyewe?

Binti yako


Tarehe 27 Machi

Kwa binti yangu,

Marahaba. Mimi sijambo, na gurudumu nalibeba mwenyewe. Siku nikishindwa kulibeba, litanibeba lenyewe.

Kisu kimefika na nimekimaliza. Chuma chake ni kizuri, uliteua vizuri. Lakini mwanangu, aliyekinoa kabla yangu ni mjinga wa kutupwa. Mteremko aliuweka upande usio wake! Bapa kulia, mteremko kushoto, kama mtu aliyevaa kiatu kinyume akaenda nacho harusini. Nilimwonyesha fundi viatu, tukacheka mpaka wateja wakageuka. Ndiyo sababu vikonyo vyako vinakauka, si bure. Nimeula ule mteremko wote kwenye gurudumu, nikauweka upya panapostahili, na mapengo yamekwisha. Imenichukua siku nzima, wachinjaji wamenisubiri na visu vyao mkononi. Sasa kimerudi njiani. Kinolewacho hupata.

Nimekuwekea pia kipande cha ngozi. Fundi viatu alinikatia kutoka kwenye mkanda wa zamani, akasema nikuambie ni zawadi yake, isije ikaonekana ni yangu. Ukimaliza kwenye kinoo, pitisha kisu juu ya ngozi mara kumi, ukikivuta kinyumenyume. Utaona.

Mpini umelika kweli. Nilipoushika nilijua unafanya kazi, nikafurahi.

Baba yako


Tarehe 15 Aprili

Baba,

Shikamoo. Sijui kama u mzima, leo sikuuliza.

Huyo mjinga wa kutupwa ni mimi.

Kisu kile ni cha mkono wa kushoto. Nilikitafuta miezi minne mpaka nikakipata, na nilikinoa mwenyewe upande wangu. Nilikuandikia ukinoe kama kilivyo. Ulishika mpini, umelika upande wa kushoto wote, fundi wa miaka thelathini, ukafurahi, ukacheka na jirani, ukanirekebisha. Tena.

Kwa sababu hukuulizia kidole, nitakukumbusha. Nilikuwa na miaka tisa. Watoto wa mtaani wakiniita Mashoto na wewe wakikuita Baba Mashoto, ukawafukuza kwa ndoo ya maji machafu ya gurudumu na kusema jina lako ni Cheche, basi. Ukanifunga mkono wa kushoto kiunoni kwa mpira wa baiskeli wiki nzima, nile na niandike kwa wa kulia. Ukisema samaki mkunje angali mbichi. Wiki ya pili ukanifungua ili nikandamize bapa kwa vidole vya kushoto juu ya kinoo chako, huku mkono wa kulia ukisukuma. Mkono usiojua ulisukuma vibaya, na ncha ya kidole cha shahada ikabaki juu ya jiwe. Zahanati ukamwambia nesi kwamba nilikuwa nachezea kisu.

Sikuondoka nyumbani kwa sababu ya kidole. Niliondoka kwa sababu ya nesi yule. Miaka kumi na moja nilingoja useme ukweli, hata ukiwa peke yako na mimi, hukusema.

Kisu kiliporudi nilikitumia siku mbili nikidhani nimesahau kazi. Mikato yote imepinda. Msimamizi amenitoa kwenye kubebesha, ananiagiza kumwagilia miche. Kwa upole.

Sitaki ushauri wa kinoo tena. Nataka neno moja kuhusu mkono huu. Kama huna, tusiandikiane.

Ngozi nitaitunza. Mwambie fundi viatu ahsante.

Binti yako


Tarehe 30 Mei

Kwa baba yangu,

Shikamoo. U hali gani?

Lori limekuja mara tatu bila kitu. Mara ya kwanza nilisema afadhali. Mara ya pili nilimwambia dereva apekue tena chini ya kiti, akanikasirikia. Jana sikumuuliza, yeye ndiye aliyetikisa kichwa kabla sijafika.

Niliandika kwa ukali. Sifuti neno, maana yote ni kweli, lakini kuna mambo ya kweli ambayo mtu huyasema akiwa amekaa karibu na mwenzake, siyo kuyatupia kwenye lori.

Kinoo nimepata. Kimoja kati ya vitano kilitulia juu ya kioo, na tone likakaa kidogo ndipo likanywewa. Nimekinoa kisu upya, baba. Nimeula mteremko wako wote kwa jiwe la ukubwa wa sabuni nikiwa nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, jioni nne, na ya tano nikauweka wangu. Ulisema nitakesha, na kweli mkono uliuma hadi begani. Lakini kila nilipogeuza upande wa bapa nilifanya kama ulivyoandika, mara moja, si tatu. Msimamizi alikijaribu kwenye vinyweleo vya mkono wake, kesho yake akanirudisha kwenye vikonyo.

Kama umekasirika, kasirika kwa barua. Hata tusi litanitosha, nijue upo.

Binti yako


Tarehe 19 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Barua zako mbili ninazo.

Usishangae mwandiko. Naandika kwa mkono wa kushoto.

Siku nne baada ya barua yako ya Aprili nilikuwa kwenye gurudumu, nanoa mkasi wa fundi cherehani. Mkasi ukaanguka. Nikainama kuuokota, mkono wa kulia ukakataa kwenda. Nikadhani umelala. Fundi viatu akaja, akaniangalia usoni, akatupa kiatu cha mtu. Daktari anasema ni kiharusi, tena kidogo. Mguu umerudi. Mdomo umerudi, fundi viatu anasikitika. Mkono wa kulia haujarudi. Daktari hasemi utarudi.

Fundi viatu alitaka kuniandikia. Nikakataa. Aliniita mkaidi wa kufia ukutani. Lakini neno uliloomba haliwezi kupita kwenye mkono wa mtu mwingine. Ilibidi nisubiri mkono huu ujifunze. Karatasi hii ni ya kumi na saba. Zilizotangulia hata mimi sikuweza kuzisoma.

Neno ni hili. Hukuwa unachezea kisu. Kisu nilikuwekea mimi mkononi, mkono usio wako, na wewe ulikuwa unalia kabla hujakatika. Nilimdanganya nesi kwa sababu alinitazama. Baadaye nilikudanganya na wewe kwa kunyamaza, kwa sababu nawe ulinitazama. Nilidhani nakuokoa. Gurudumu limetengenezwa kwa mkono wa kulia, nami sikuwa na kitu kingine cha kukurithisha. Nikaona ukilikosa hilo utakufa njaa. Nikakukata kwa kuogopa njaa ambayo haikuja.

Na mpini niliuona. Usifikiri sikuuona. Niliona umelika upande wa kushoto, nikajiambia binti amenunua kwa mtu. Ilikuwa rahisi kuamini kisu si chako kuliko kukumbuka wewe ni nani.

Nisamehe, mama. Sijui kuliandika vizuri zaidi ya hivyo.

Sasa nikueleze ya huku. Sijui kufunga vifungo. Sijui kushika kijiko, uji unaniingia puani. Jana muuza nyama alipita, akaniona napapasa kalamu, akasema, Mzee, lazimisha ule wa kulia, huu wa kushoto utakuzoesha vibaya. Nikataka kumtupia ndoo ya maji machafu. Halafu nikakumbuka ndoo ile nilimtupia nani.

Uliniambia habari ya samaki mbichi. Mimi ndiye samaki mkavu sasa, na bado nakunjwa.

Nataka kunoa tena. Gurudumu sitaliweza, nimemwachia fundi viatu aliwekee viatu juu. Lakini kinoo changu kikubwa kipo. Nikishika kisu kwa kushoto kinateleza, kinakimbilia upande mmoja. Wewe ulifanyaje? Nifundishe. Naomba.

Baba yako


Tarehe 2 Julai

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo, shikamoo tena. Pole. Pole kwa mkono, pole kwa uji, pole kwa karatasi kumi na saba. Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama katikati ya miche, na msimamizi alidhani nimeumwa na nyoka. Nilimwonyesha mwandiko. Alisema hata wake wa darasa la kwanza ulikuwa mbaya zaidi, kwa hiyo una matumaini.

Tangu Aprili nilikuwa namkasirikia mtu ambaye amelala hajiwezi. Naomba unisamehe hilo. Na wewe nimekusamehe. Sitakudanganya kwamba kinyongo kimeisha chote leo. Kuna jioni kidole kitauma nami nitakumbuka. Lakini nimeanza, nasikia wepesi, na neno lako nimelikunja ndani ya ngozi ya fundi viatu.

Usijiite samaki mkavu. Nisikilize sasa, maana safari hii mwalimu ni mimi na sina ndoo.

Kisu hakitelezi kwa sababu ya mkono wako. Kinateleza kwa sababu ya jiwe. Miaka yote hiyo umenoa juu yake kwa kulia, na mkono wako umechimba bonde lililoinamia upande mmoja. Mimi nililijua bonde lile kabla ya kujua kusoma. Kila nikiweka kisu nilikuwa naingia kwenye nyayo za mtu mwenye mguu mwingine. Kisu cha mkono wa kushoto humo lazima kikimbie. Kwanza lisawazishe. Mwaga mchanga na maji kwenye ngazi ya saruji ya barazani, ligeuze uso chini, lisugue kwa mduara. Sekunde za kwanza utajiona mjinga. Endelea. Likiwa sawa utasikia sauti imebadilika, inakuwa moja.

Halafu jiwe litulie juu ya kitambaa kilicholowa ili mkono mmoja utoshe. Usitumie nguvu. Mkono huo haujui kiburi bado, hilo ndilo zuri lake. Usiulazimishe kwenda kama ndugu yake. Kaa upande wa pili wa benchi, siyo ule uliozoea. Hicho ndicho kitu ambacho sikuweza kukuambia nikiwa na miaka tisa: kwamba nilihitaji tu kukaa upande wa pili wa benchi.

Wiki iliyopita walihesabu vikonyo vyangu. Themanini na saba kati ya mia. Nimeshaandikwa kwa msimu ujao. Msimu huu ukiisha mwezi wa nane, nitakuja na lori la mwisho, nikae mpaka uweze vifungo.

Muuza nyama mwambie aje anoe kisu changu kwa mkono wake wa kulia aone.

Binti yako


Tarehe 29 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Hali yangu njema. Kijiko nimekishinda, vifungo bado, shati navaa nikilipitisha kichwani. Daktari ameniruhusu kukaa barazani mpaka saa sita.

Jiwe nimelisawazisha. Ulisema nitajiona mjinga. Hukusema ni kwa wiki tatu. Kila asubuhi mchanga na maji, mduara, mduara. Maji yalikuwa yanatoka ya kijivu, nami nikawa nafikiri ni miaka yangu thelathini inayotiririka kwenye ngazi. Fundi viatu alisema nimerukwa na akili, naharibu jiwe zima. Siku ya ishirini na mbili sauti ikawa moja. Nililiweka juu ya kioo cha dirisha, nikabonyeza kona zote. Halikucheza. Nililia, sitakuficha, na fundi viatu akajifanya anatafuta msumari.

Lilikuwa la mezani, halibebeki. Tukakubaliana likatwe. Fundi viatu alichora mstari kwa tindo kutwa nzima, akalipiga mara moja, likakubali. Nusu moja ninayo. Nusu yako iko ndani ya kifurushi hiki, imefungwa kwenye kitambaa cha aproni yangu. Pima, inaingia mfukoni. Kile ulichonunua ni kizuri kwa kuanzia. Hiki ni cha kumalizia, chembe zake ni laini, hazipatikani tena madukani. Hakina bonde la mtu. Utalichimba la kwako taratibu, na siku moja litakuwa limeinamia kushoto, na atakayekuja baada yako mwambie alisawazishe kwanza.

Kazi ya kwanza niliyoifanya ni mkasi ule ule wa fundi cherehani. Siku mbili. Aliukatia kitambaa mbele yangu, akasema unakata. Hakusema unakata vizuri. Nilimshukuru.

Muuza nyama alipita tena, akaanza habari za mkono wa kulia. Nikamwambia akae upande wa pili wa benchi.

Njoo. Chumba chako fundi viatu alikuwa amejaza mabuti, nimeyatoa moja moja. Na kisu chako usikinoe tena kabla ya safari. Nakujua, utataka kukileta kinang'aa ili nione. Kilete butu, hata pengo kiwe nalo. Tutakaa barazani wote wawili, upande mmoja, tukinoe.

Watoto wa mtaani wananiita sasa, na mimi naitika.

Baba Mashoto